Umeitoa nyama, au hukuweka?

Shikamoo Somo,

Mimi ni mtu wa Tanga. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Leicester, Uingereza, niko na mume wangu na binti yetu wa miaka sita. Nimealika watu kwangu Jumamosi ya kwanza baada ya ile siku yao ya fataki, tarehe 5 Novemba, na kila nikikaa kupanga chakula naishia kuchana karatasi.

Kisa chenyewe kilianza Idi iliyopita. Jirani zetu wa ukuta kwa ukuta ni wazee wawili wa Kigujarati. Yule bibi wote tunamwita Ba, kama wajukuu zake wanavyomwita. Alizaliwa Jinja, Uganda, na Kiswahili chake ni kile cha nyuma ya kaunta ya duka, lakini kinamtosha kunigombeza nikitoka bila koti. Nilipojifungua mama yangu alikuwa mbali, na Ba ndiye aliyeniletea vile vyakula vyao vya mzazi, vya samli na tangawizi kavu, kila asubuhi hadi siku arobaini zikaisha.

Basi siku ya Idi nikampelekea sahani ya pilau. Najua kwamba hali nyama. Nikapakua upande ambao haukuwa na vipande, nikachambua hata vile vinyuzi, nikaona mambo safi. Ba akapokea mlangoni, akafunua foili, mvuke ukampanda usoni. Akaniangalia, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, umeitoa nyama, au hukuweka?"

Sikuwa na jibu. Akanishika mkono, akasema hamna shida, atampa fundi anayemtengenezea bafu. Somo, mpaka leo nikikumbuka nasikia masikio yanawaka.

Sasa nataka kusafisha jina. Nimewaalika Ba na mzee wake pamoja na mjukuu wao wa kike anayesomea uuguzi, ambaye yeye ni zaidi: hata maziwa na asali hagusi. Kuna mwenzangu wa kazini, Mwingereza, asiyekula nyama wala samaki lakini mayai na jibini anakula. Mumewe anakula chochote. Upande wetu tupo mimi, mume wangu, shemeji yangu ambaye husema mlo bila nyama ni kionja mchuzi, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Muheza. Jumla tisa, na mtoto.

Mama mkwe ameshaniambia kuwa kumwita mgeni usiku ukampa majani ni kumtukana. Mume wangu anasema nipike kila mtu chake. Nami nimeandika hivi: lasanya ya mboga, mchuzi wa nyama ya soya, boga la kujazwa uyoga na jibini, saladi, na keki ya jibini ya kununua. Pembeni kuku wa kupaka kwa ajili ya shemeji. Nimechagua boga na uyoga kwa sababu ndiyo vitu vya msimu, majani yanapukutika na sokoni maboga yamejaa kama kwetu Ramadhani.

Jambo jingine: kuna siku nimesikia Ba akikataa kitunguu. Sijui ni kila siku au siku zile tu. Nisaidie, Somo.

Mama Zuhura, Leicester

*

Marahaba, Mama Zuhura.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya lile swali la Ba. Bibi wa watu amekusaidia kazi, maana swali hilohilo ndilo la kuipima karatasi yako, chakula kimoja baada ya kingine.

Tuanze na lasanya. Hiyo ni lasanya ya nyama iliyotolewa nyama. Tena huko ndani mna mitego. Wengi huipaka juu jibini la Parmesan, na Parmesan halisi hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, kwa hiyo hata huyo mwenzako wa kazini anayekula jibini huenda asilitake. Karatasi za tambi nyingine zina mayai, na Wahindu wengi wa Kigujarati wasiokula nyama hawali mayai pia. Ule mchuzi mweupe ni maziwa na siagi, basi mjukuu naye ametoka. Umeshinda jikoni saa tatu, na wale uliowapikia hasa hawajala.

Nyama ya soya, kwa heshima zote, irudishe dukani. Soya inamfaa mtu aliyekuwa akila nyama akaacha, na bado ulimi unamkumbusha. Ba hajawahi kula nyama. Ukimwekea kitu kinachotafunika kama nyama, kina nyuzi kama nyama na kimetiwa bizari za nyama, unamwekea sahani ya Idi kwa mara ya pili. Keki ya jibini usiniulize. Za kununua nyingine zimegandishwa kwa jelatini, ambayo hata wewe mwenyewe, mtu wa kutafuta halali, huna haja nayo.

Na kuku wa kupaka wa shemeji asiingie siku hiyo. Si kwa ubaya. Kuku akichomwa kwenye nyumba ya Kiingereza iliyofungwa madirisha mwezi wa Novemba, harufu inapanda ngazi mpaka vyumbani, na Ba atakaa akijiuliza kibaniko kipi kimepika nini. Mpikie shemeji Jumapili. Jumamosi tutamdanganya, nitakwambia namna.

Mume wako naye mwambie hapana. Kila mtu chake maana yake ni sufuria nne, vijiko vinne, na watu wakichungulia sahani za wenzao kama wako hospitali. Karamu ni sinia moja. Kazi yako ni kutafuta chakula ambacho wote kumi wanaweza kukila bila kuuliza, na bahati nzuri umezaliwa pwani.

Tazama walivyokaa wageni wako. Ba hataki mayai lakini maziwa na samli anapenda. Mwingereza anataka mayai. Mjukuu hataki vyote viwili. Mpishi wa Ulaya hapo anashika kichwa, kwa sababu bila siagi, krimu na jibini hana cha kulainishia chakula. Wewe una tui. Bibi zetu walikuwa wakipika vyakula vya namna hii karne nzima bila kuvipa jina. Jina lenyewe la vegan, yaani asiyegusa chochote kitokacho kwa mnyama, lilitoka kwa mtu wa mji wako huohuo, kama hujui: Donald Watson, aliyekuwa katibu wa chama cha wasiokula nyama cha Leicester. Yeye na wenzake wachache walianzisha chama chao mwaka 1944, mwezi huohuo wa Novemba. Mwambie mjukuu, atafurahi.

Kwa mama mkwe nenda na hoja moja tu, na uifikishe kwa adabu. Muulize: futari ya Muheza ina nini? Atakuhesabia mwenyewe. Magimbi ya nazi, muhogo, ndizi, boga, mbaazi, tambi, kaimati. Nyama ikiwepo ni kibakuli pembeni. Je, mgeni aliyefuturu hapo alitukanwa? Halafu, kabla hajajibu, mpe kazi. Mwanamke wa umri wake amesafiri kutoka Muheza mpaka Leicester, kila siku anaambiwa "mama, kaa upumzike", na jikoni hamna hata kiti chake. Hiyo "aibu" anayoisema nusu yake ni kuchoka kukaa. Kaimati ni zake. Usimwelekeze. Mwambie tu mambo mawili: asitie mtindi wala yai, na shira iwe ya sukari na iliki, bila asali. Unga nusu kilo, hamira, sukari kidogo, maji ya uvuguvugu, na auache ukiwa umefunikwa karibu na hita, kwa sababu baridi ya huko hamira hailali tu, inazimia.

Sasa kitunguu. Hapa usibahatishe, nenda ukaulize. Wagujarati si kapu moja. Wapo wanaoacha kitunguu na thomu siku za mfungo tu. Wapo wafuasi wa Swaminarayan, madhehebu ya Kihindu, ambao ni wengi mjini kwenu, wao hawavigusi siku zote. Wajaini, ambao ni watu wa dini nyingine ya huko India, wakaenda mbali zaidi: wanaoshika sana hawali hata viazi na karoti, chochote kinachong'olewa na mzizi wake, na hawali baada ya jua kuzama. Kama Ba ni wa hao itakubidi ualike mchana, kwa sababu wiki hiyo Leicester jua linazama kabla ya saa kumi na nusu. Lakini mtu aliyekuletea samli na tangawizi siku arobaini atakuambia vizuri tu. Na ukienda usiende mikono mitupu. Hapo ndipo mahali pa kulirudisha lile bakuli lake ambalo najua bado liko kabatini kwako.

Tuseme amekujibu kwamba kitunguu na thomu hapana, tangawizi na viazi sawa. Nitapanga hivyo, kwa kuwa ukiweza kupika bila kitunguu umeweza yote.

Dawa ya kitunguu ni mvuje. Ndiyo, mvuje uleule. Najua wewe na mimi tunaujua kwa watoto wachanga na mambo ya kufukuza mashetani, na mama mkwe akiuona jikoni atakuuliza mtoto ana nini. Wahindi wanauita hing na wanaupikia kila siku. Ukiwa mbichi unanuka vibaya. Uingize kwenye mafuta ya moto, hesabu mpaka tano, harufu inageuka kuwa ya kitunguu kilichokaangwa na thomu kwa pamoja. Robo kijiko cha chai kwa sufuria nzima, usizidishe. Kikopo utakipata duka lolote la Belgrave Road au Melton Road. Soma pembeni: nyingi zimechanganywa na unga wa ngano, kama yuko mgeni asiyepatana na ngano.

Na chakula cha katikati, Mama Zuhura, ni pilau.

Usishtuke. Umeharibu kwa pilau, utatengeneza kwa pilau. Wakenya wanaiita pilau njeri, isiyo na nyama, na huitaja kwa kuicheka kwa sababu mara nyingi ni wali wa bizari tu uliotelekezwa. Yako haitakuwa hivyo, itakuwa ya dengu. Loweka dengu gramu 300 tangu Ijumaa usiku. Asubuhi zichemshe na vifuko viwili vya majani ya chai, kijiti cha mdalasini na iliki tatu. Majani ya chai ni siri ya Wahindi wenyewe kwenye dengu zao: yanatoa rangi ya hudhurungi, na hapo ndipo tatizo lako kubwa linapokwisha, kwa sababu pilau bila kitunguu cha kuungua hutoka nyeupe kama wali wa mgonjwa. Dengu zikiiva toa vifuko, maji usimwage. Hayo ndiyo supu yako.

Mchele basmati kilo moja, uoshe na uloweke nusu saa. Weka mafuta kwenye sufuria, si samli, unamkumbuka mjukuu. Tia binzari nyembamba kijiko kikubwa na nusu, nzima, uikaange mpaka ikaribie kuwa nyeusi lakini isiwe. Kaa hapohapo usiende kuchungulia simu, tofauti ni sekunde kumi. Fuatisha karafuu, pilipili manga, iliki, mdalasini, kisha mvuje, kisha tangawizi ya kutwanga vijiko viwili vikubwa. Viazi vilivyokatwa nusu viingie vikaangike mpaka vishike rangi, halafu dengu, chumvi, na yale maji ya dengu ukiyaongezea yafike lita moja na nusu. Yakichemka ndipo mchele. Yakikauka funika kwa foili, moto chini kabisa, dakika ishirini. Ukifunua utasikia harufu ya nyumbani, na hamna kipande chochote kilichotolewa.

Pilau tayari ina nguvu yake, kwa hiyo mbaazi za nazi na wali wa nazi uliotaka kuongeza moyoni, najua umevifikiria, uviache. Hili ndilo kosa letu watu wa Tanga: tukipata nazi tunaitia kila sufuria, mgeni akifika kwenye kitindamlo tumbo limeshika. Nazi ikae mahali pamoja siku hiyo, kwenye mahindi.

Mahindi ya kupaka. Hapa ndipo tunapomdanganya shemeji. Wahindi wa Afrika Mashariki waliokaa pwani na kula na sisi walimtazama kuku wa kupaka wakasema, hebu tumtoe kuku. Si kumchambua kwenye mchuzi, wameanza upya na mahindi. Ba mwenyewe huenda akakuambia makai paka, na usishangae akakusimulia namna mama yake alivyoipika Jinja. Ni jamii hiyohiyo inayoita muhogo mogo na kuuza mogo wa kukaanga kwenye mikahawa ya huko.

Chukua magunzi sita yenye mahindi yake, kila moja likate vipande vitatu. Mahindi ya shambani huko Novemba yanakuwa yameshakwisha, nunua ya barafu, hayana neno. Yachemshe dakika kumi, yapange kwenye kibaniko cha oveni moto mkali mpaka yaanze kupata madoa meusi. Rojo lake: makopo mawili ya tui ya mililita 400. Usiyatikise. Yaweke kwenye friji usiku, asubuhi lile gando la juu ni tui zito lako, na maji ya chini ni tui jepesi. Tia kwenye mafuta mvuje kidogo, tangawizi, pilipili mbichi zilizosagwa na kotmiri, na binzari ya manjano, kisha tui jepesi lichemke lipungue nusu. Ndipo tui zito, na kuanzia hapo ni kukoroga kwa upande mmoja na moto mdogo. Ndimu mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, la sivyo tui litakatika mbele ya macho yako. Mimina juu ya mahindi, rudisha chini ya moto wa juu dakika tano, mpaka rojo lishike na pembeni liungue kidogo.

Mpe shemeji vipande vitatu. Ana kitu cha kushika kwa mkono, ana kitu cha kung'wafua, anabaki na gunzi sahanini kama mfupa. Wengine hutia karanga za kusaga kwenye rojo. Ni tamu, lakini kabla hujatia waulize hao Waingereza kama yupo anayedhurika na karanga. Huko hilo si swali la kudeka.

Boga lako nalipenda, jibini na uyoga ndivyo sivitaki. Umesema ni vuli ya huko. Nayo kwetu Tanga ni vuli, ila ya mvua, tofauti ni kwamba ya huko hailoweshi udongo, inalowesha mtu. Maboga ya msimu huo yachague yale magumu yenye ngozi ya kijivu au ya rangi ya samawati iliyopauka, si yale makubwa ya machungwa yanayochongwa sura kwa Halloween. Hayo ya kuchonga ni maji matupu. Kilo mbili, likate vipande vinene na ganda lake, lipake mafuta, chumvi na pilipili ya unga, oveni nyuzi 200, dakika 40 mpaka kingo ziwe nyeusi kidogo. Usilichemshe. Likitoka, limwagie ukwaju uliochemshwa na sukari guru na binzari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa. Utamu wa boga na uchachu wa ukwaju juu ya pilau, hapo hutatafuta nyama.

Mboga ya majani ni sukuma wiki yao ile nyeusi, ikatwe nyembamba, ikaangwe haraka na tangawizi na nyanya. Dakika tano. Sina maneno mengi juu yake.

Kachumbari: nyanya, tango, kotmiri, ndimu, na badala ya embe bichi tumia tufaha. Uingereza wana tufaha lao la kupikia, Bramley, chachu kuliko ndimu ya mwaka jana. Kata vijiti vyembamba, tia chumvi, liache lilale saa moja. Kitunguu kilichokatwa kiweke kwenye bakuli lake, mbali, na kijiko chake. Mwenzako wa kazini atajitilia, na Ba ataona umekitenga. Pilipili nayo mbali.

Wakiingia wapokee na bhajia za kunde na kikombe cha maji ya tufaha yaliyochemshwa na mdalasini na karafuu. Kunde uziloweke pamoja na dengu, usiku uleule. Asubuhi zipikiche kwa viganja, maganda yaelee uyamwage. Saga na maji machache sana, ibaki chenga. Halafu, na wengi hapa huruka, upige ule unga kwa mkono dakika kumi mpaka uwe mwepesi. Tone ukilidondosha kwenye glasi ya maji lielee. Chumvi utie wakati wa kukaanga. Usitie unga wa ngano, si maandazi. Na yule mwenzako mwambie mapema kuwa nyumbani kwako hamnywi pombe, asije akabaki ameshika chupa mlangoni hajui aiweke wapi.

Sasa nenda kabatini kwako, chukua ule mwiko. Unaujua, ule wa mbao uliokuja nao kutoka nyumbani. Umekoroga mchuzi wa mbuzi miaka kumi na moja, umeshakuwa mbuzi nusu. Siku hiyo mwiko huo ni mwiko. Nunua mpya. Mafuta ya kukaangia yawe ya chupa mpya, si yale yaliyochujwa baada ya sambusa. Vibaniko visugue. Vile vidonge vya supu hata vilivyoandikwa mboga uvisome nyuma, na sosi ya Worcestershire isikaribie, kwa kawaida ina samaki wadogo ndani. Ba hatakuuliza lolote katika haya. Ndiyo maana yafanye.

Alika kwa saa kumi na moja na nusu. Magharibi mmeshaswali, wazee hawachelewi kulala, na mtoto bado hajaanza kulia. Pilau iingie kwenye foili saa kumi na moja, mahindi yarudi ovenini wageni wakiwa kwenye bhajia. Kaimati za mama mkwe zikaangwe wakati watu wanamaliza kula, na umwache mjukuu wa Ba aende jikoni kumtazama. Hawana lugha moja, lakini msichana ataona jinsi unga unavyominywa kwenye ngumi na kutokea kati ya kidole gumba na cha shahada, naye atataka kujaribu.

Jambo moja ukiwa naye Ba. Alizaliwa Jinja, mwaka 1972 Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na mji mnaoishi ninyi wawili ulilipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije Leicester. Walikuja. Kwa hiyo ukimpakulia mahindi ya kupaka usimwelezee ni nini, kama wanavyoelezewa Waingereza. Mpe sahani, mwachie kijiko, na umsikilize yeye akikuambia umekosea wapi.

Na kile kikopo cha mvuje, ukimaliza kukitumia, kitie kwenye mfuko wa plastiki, halafu mfuko mwingine, halafu chupa yenye kifuniko cha kufunga. La sivyo chai ya nyumba nzima itanukia mashetani mpaka Krismasi.

Somo